Redio Ikinyamaza Mpakani

Askari aliye zamu huko Mella, Wilaya ya Tororo, karibu na mpaka wa Kenya, hulifikiria jua pale tu anapotafuta kivuli. Hata hivyo jua hilo laweza kuinyamazisha redio yake ya masafa mafupi pasipo adui yeyote kuigusa.

Mlipuko mkali ukitokea juani, miale yake hutufikia kwa dakika 8 hivi, na upande wa dunia wenye mchana hupotewa na mawasiliano hayo, pengine kwa saa nzima. Wingu la chembe zenye umeme huweza kufuata baada ya siku moja hadi tatu, likaitikisa sumaku ya dunia. Wataalamu huupima mtikisiko huo kila siku kwa kipimo cha 0 hadi 9. Mei 2024 ulifika 9. Nasi tulio karibu na ikweta tuna taabu ya ziada: baada ya magharibi, tabaka la juu la anga huchafuka, na vyombo vya setilaiti vya kuonyesha mahali hukosea. Kwa doria ya mpakani, kosa la mita chache si dogo.

Tarehe 23 Mei 1967 rada za Marekani za kuonya makombora, zilizokuwa Alaska, Greenland na Uingereza, ziliziba kwa pamoja. Ikadhaniwa ni kazi ya Warusi, na ndege za vita zikawekwa tayari. Waliookoa hali ni wachunguzi wa jua waliokuwa jeshini humohumo. Twaona kisa hiki chastahili kufundishwa katika kila chuo cha askari.

Wapo wavumao kwamba dhoruba za jua huleta matetemeko ya ardhi. Hilo halijathibitishwa. Tetemeko latoka chini, ambako ardhi yetu yaachana polepole katika Bonde la Ufa. Ndivyo Toro ilivyotikiswa Machi 1966, watu zaidi ya 100 wakafa, na Bukoba tarehe 10 Septemba 2016, kwa kipimo cha 5.9. Hakuna mwanasayansi awezaye kuitaja siku ya tetemeko. Polisi akutanaye na mtangazaji wa tetemeko la kesho ana haki ya kumtilia shaka.

Redio ikikatika, basi, iandikwe katika daftari la zamu saa ilipokatika na iliporudi, kisha aulizwe mwenzetu wa upande wa Kenya kama yake nayo ilinyamaza.