Pipa la Uani na Homa ya Dengue
Mgonjwa alalaye ndani ya chandarua kila usiku huuliza dengue ameipata wapi. Aghalabu ni uani. Aedes, mbu mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, na huzaliwa kwenye pipa, tairi kuukuu, hata kifuu cha nazi. Kumwaga maji pekee hakutoshi: jike hutaga mayai kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya maji, nayo hustahimili ukavu kwa miezi yakingoja mvua. Kwa hiyo pipa lisuguliwe ndani kwa brashi kila wiki, kwani yai huwa mbu kamili kwa takriban siku 7 hadi 10, kisha lifunikwe barabara. Akiwepo mgonjwa nyumbani, alale ndani ya chandarua hata mchana, mbu asije akamwuma kisha akawaambukiza jamaa zake.