Mradi wa Maji Haukamiliki Siku ya Uzinduzi

Wananchi wengi huufahamu mradi wa maendeleo pale jiwe la msingi linapowekwa au utepe unapokatwa. Hata hivyo, usimamizi wa mradi unaogharimiwa kwa fedha za nje huanza mapema zaidi na huendelea baada ya sherehe.

Mfano ni Programu Endelevu ya Huduma ya Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ambayo mwaka 2018 Benki ya Dunia iliidhinishia Tanzania mkopo wa Dola za Marekani milioni 350 chini ya utaratibu wa Lipa kwa Matokeo.

Kupanga na kukopa

Mahitaji huibuliwa na wananchi katika mikutano ya vijiji. Wataalamu hupima wingi na ubora wa maji ya chanzo, hukadiria idadi ya watumiaji na gharama za uendeshaji. Kwa mujibu wa Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali, Sura ya 134, mamlaka ya kukopa kwa niaba ya Serikali ni ya Waziri mwenye dhamana ya fedha.

Kutekeleza na kufuatilia

Ujenzi vijijini husimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanzishwa kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2019. Ufuatiliaji huangalia iwapo kazi inakwenda kama ilivyopangwa: mabomba yaliyolazwa, fedha zilizotumika na muda uliosalia katika mkataba wa mkandarasi.

Kutathmini

Tathmini huuliza swali zito zaidi: je, maisha yamebadilika? Kituo cha maji kinaweza kujengwa kwa wakati na kwa bajeti, kisha pampu ikaharibika na kinamama wakarejea kisimani. Ndiyo maana chini ya Lipa kwa Matokeo fedha hutolewa kadiri matokeo yanavyofikiwa na kuhakikiwa, badala ya kufuata ankara za ujenzi pekee.

Uendelevu huo hutegemea vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, vinavyokusanya ada na kugharimia matengenezo. Mwananchi anayelipia maji na kuhoji mapato na matumizi katika mkutano wa kijiji anashiriki kuulinda mradi. Mkopo utalipwa kwa kodi za Watanzania, iwe bomba linatoa maji au limekauka.