Reli ya Bernina kwa Mpiga Picha: Lipia Muda, Usilipie Kioo

Treni inayotangazwa kuliko zote katika milima ya Uswisi ni Bernina Express: mabehewa mekundu, vioo vinavyopinda hadi darini, safari ya saa nne na zaidi kutoka Chur hadi Tirano, ng'ambo ya mpaka wa Italia. Kwa mtalii anayetaka kukaa na kutazama, inafaa. Kwa anayekwenda kupiga picha, ni chaguo ghali lenye faida ndogo. Treni za kawaida za abiria hupita juu ya reli ileile, kwa nauli ileile, bila ada ya kiti, na baadhi ya mabehewa yake yana madirisha yanayofunguka.

Bei nilizotumia hapa ni za mwaka 2024, daraja la pili, na nyingine nimezikadiria. Zihakiki kabla ya kulipa. Mwaka huo faranga moja ya Uswisi ilikuwa karibu shilingi 3,000 za Tanzania, au 150 za Kenya.

Unacholipia

Kutoka Chur hadi Tirano ni kilomita 144, madaraja 196 na mahandaki 55. Sehemu yake kubwa, kuanzia Thusis, iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kilele chake, Ospizio Bernina, kiko mita 2,253 juu ya usawa wa bahari. Msomaji wa Kenya hatashtushwa na kimo hicho, kwa kuwa reli ya zamani ya kwenda Uganda ilipanda zaidi ya mita 2,700 karibu na Timboroa. Kinachoshangaza ni mteremko. Treni ya Bernina hupanda na kushuka hadi mita 70 kwa kila mita 1,000 bila reli ya meno, kisha hutelemka hadi Tirano, mita 429 tu. Ndani ya mchana mmoja unapata barafu, ziwa, msitu na mizabibu.

Chaguo la kwanza: Bernina Express

Nauli ya Chur hadi Tirano ni kama faranga 65 kwenda tu. Juu yake kuna ada ya lazima ya kiti, kati ya faranga 20 na 40 kulingana na msimu. Hata mwenye pasi ya kusafiri nchi nzima huilipa. Kiti ni kile ulichopangiwa. Mandhari nzuri ikiwa upande wa pili, utapiga picha ya kisogo cha jirani yako. Vioo havifunguki, na jua likiingia, taa, mikono na shati lako jeupe vyote huonekana pichani.

Chaguo la pili: treni ya kawaida

Nauli ni ileile faranga 65, na ada ya kiti haipo. Utabadilisha treni njiani, na hilo ni faida: kwa tiketi ya kawaida unaweza kushuka kituoni, ukapiga picha, ukaendelea na treni inayofuata siku hiyohiyo. Kati ya St. Moritz na Tirano treni hizi hupita takriban kila saa.

Chagua behewa kabla ya kukaa. Mabehewa ya mbele yenye injini za kisasa yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Tafuta yale ya zamani nyuma yake, yenye dirisha linaloshushwa. Wakati wa kiangazi baadhi ya treni hufungiwa mabehewa ya wazi yasiyo na paa. Toa lenzi, si kichwa: nguzo na kuta za mahandaki ziko karibu mno. Ukitoka Chur, upande wa kulia ndio wa daraja la Landwasser, barafu ya Morteratsch na ziwa Lago Bianco.

Chaguo la tatu: kusimama nje

Picha ambazo wengi wanazijua za reli hii hazikupigwa ndani ya treni. Daraja la Landwasser lina urefu wa mita 136 na kimo cha mita 65, limepinda, na upande mmoja linaingia moja kwa moja katika handaki lililo kwenye ukuta wa mwamba. Ukiwa ndani ya treni, unalivuka kwa sekunde chache. Ukishuka Filisur na kutembea nusu saa hivi kwa njia ya miguu, unaliona lote, na hakuna kiingilio. Treni hupita kila upande karibu kila saa, kwa hiyo ukikosa moja, unasubiri nyingine.

Brusio ni hivyohivyo. Hapo daraja la mawe lenye matao tisa linajizungusha duara ili treni ishuke bonde bila kuzidi mteremko wake. Njia ya miguu iko jirani, na treni ndefu ikipita, kichwa chake na mkia wake huingia katika picha moja.

Tiketi ipi?

Tuchukue mtu anayeanzia Zurich, aende Tirano na kurudi. Kwa nauli kamili, Zurich hadi Chur ni kama faranga 40 kila upande. Ongeza 65 mara mbili, jumla inakaribia 210. Kadi ya nusu nauli kwa wageni ilikuwa faranga 120. Ingemwokolea 105 katika safari hii, kwa hiyo peke yake haijilipi. Inajilipa ukiongeza siku ya pili. Pasi ya siku tatu ya nchi nzima ilikuwa faranga 244, na inafaa tu kwa anayesafiri siku zote tatu.

Bei inayopiga zote ni tiketi ya siku moja inayonunuliwa mapema: ilianzia faranga 52, na hupanda kadiri siku inavyokaribia. Kasoro yake ni moja, lakini ni kubwa kwa mpiga picha. Hairudishwi wala haibadilishwi tarehe, na ukungu ukifunika mlima, hasara ni yako.

Anayetokea Milano ana njia nafuu zaidi. Treni ya mkoa hadi Tirano ni takriban yuro 12 kwa saa mbili na nusu. Kulala Tirano pia ni nafuu kuliko St. Moritz, mji wa matajiri, na viza ya Schengen inafaa pande zote mbili za mpaka.

Vifaa

Usikimbilie kununua kichujio cha kuondoa mng'ao wa kioo. Hupunguza mwanga, na kwenye baadhi ya vioo vya treni huleta mabaka ya rangi ndani ya picha. Kitambaa cheusi kilichozungushiwa lenzi na kubanwa kwenye kioo hufanya kazi hiyo kwa bei ya soko la mitumba. Kasi ya picha isishuke chini ya 1/500 treni ikiwa mwendoni. Simu nzuri inatosha kwa madaraja ya karibu. Lenzi ndefu ni ya kukodi ikiwa safari ni moja.

Uamuzi

Mwenye siku moja na tarehe isiyobadilika: tiketi ya siku ya mapema, treni ya kawaida, ashuke Filisur au Brusio, asijaribu vyote. Mwenye siku mbili au tatu: alale Tirano, au Poschiavo, mji ulio njiani kabla ya Tirano, anunue nauli fupifupi kila asubuhi baada ya kuona anga. Mwenye wazazi au watoto wasiopenda kubadilisha treni: alipie Bernina Express bila kinyongo, ila ajue amenunua starehe. Faranga 30 za ada ya kiti, kwa mpiga picha, zingegharimia sehemu nzuri ya usiku mmoja zaidi bondeni, na usiku huo ndio unaompa nafasi ya pili hali ya hewa ikimkatalia ya kwanza.