Mifupa ya Kuku wa Sikukuu

Sikukuu imekwisha, wageni wameondoka, na chunguni mmebaki mifupa na minofu michache ya kuku. Iwe Morotonga, wilayani Serengeti, au kisiwani Ukerewe, nyumba nyingi hazina jokofu, na kitoweo kilicholala huweza kumdhuru mtoto. Twashauri mabaki hayo yarudishwe motoni siku ile ile, kabla ya kupita muda wa saa 2 tangu kuepuliwa. Yatiwe maji, kitunguu, nyanya, tangawizi na chumvi, yachemke mpaka mifupa itoe utamu wake. Supu hiyo, ikinywewa ingali moto, ni faraja ya mzee na mgonjwa. Nao mabwana afya wasingoje kipindupindu ndipo wafike vijijini. Somo hili lifundishwe kabla ya sikukuu.