KUPANGA NA KUENDESHA MRADI WA INSIA KWA KOMPYUTA: MFANO WA FASIHI SIMULIZI YA KATABOI, TURKANA

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kupanga na kuendesha mradi wa insia, yaani taaluma za lugha, fasihi na historia, unaohifadhi na kuchambua data zake kwa kompyuta. Mfano unaotumika ni wa kupangia tu: ukusanyaji wa fasihi simulizi katika Kataboi, makazi ya wavuvi na wafugaji yaliyoko kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Turkana, kaskazini ya Kalokol.

Ufuko huu si mgeni kwa wataalamu. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aligundua huko Nariokotome mabaki ya mvulana aliyeishi miaka ipatayo milioni moja na nusu iliyopita, na leo maumbo ya visukuku vya bonde hili yaweza kutazamwa kwa intaneti, yakigeuzwa kila upande. Lakini mfupa wa kale hauna mwenyewe wa kuulizwa, wimbo unaye. Kwa sababu hiyo, hoja kuu ya makala haya ni kwamba mradi wa fasihi simulizi hauna budi kupangwa kuanzia mwisho wake. Kabla ya kinasa sauti kununuliwa, lazima ijulikane sauti zitakaa wapi fedha za mfadhili zikiisha, na nani atakuwa na haki ya kuzisikiliza.

2.0 Idhini na Umilikaji

Miongoni mwa Waturkana wa kiume, mtu hutunga nyimbo za kumsifu ng'ombe dume wake ampendaye, na wimbo huo hutambulika kuwa ni wake. Aidha, nyimbo nyingine hutaja mapigano na majirani. Wimbo wa namna hiyo ukitangazwa ovyo waweza kuchochea uhasama uliokwisha kupoa. Ni dhahiri basi kwamba sahihi moja kwenye karatasi haitoshi.

Yafaa mradi uweke ngazi tatu tangu mwanzo: rekodi zilizo wazi kwa wote, rekodi za wenyeji, na za wataalamu watakaoomba, na rekodi zilizofungwa mpaka mwenyewe au warithi wake waruhusu. Idhini ielezwe kwa Kiturkana, na kwa asiyeandika inaswe kwa sauti yake mwenyewe. Kenya ina sheria zinazohusika: ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013, ambayo kwayo mtafiti hupata leseni, ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni ya mwaka 2016, na ya kulinda data ya mwaka 2019. Hata hivyo, sheria huweka kiwango cha chini tu. Mapatano na wazee, wanawake kwa wanaume, ndiyo yanayouwezesha mradi kurudi Kataboi mara ya pili.

3.0 Data na Muundo Wake

Muundo wa data hutokana na lugha yenyewe. Katika Kiturkana, kama Gerrit Dimmendaal alivyoonyesha katika sarufi yake ya mwaka 1983, nomino iliyo kiima hutofautishwa kwa toni na ile iliyo yambwa. Tena irabu za mwishoni mwa neno huweza kutamkwa bila ghuna. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi toni. Kwa hiyo mradi ukihifadhi maandishi peke yake utakuwa umetupa sehemu ya sarufi. Sauti ndiyo nakala asili, na maandishi hupangwa chini yake kwa matabaka: maandishi ya kawaida, maandishi ya kifonetiki yenye toni, tafsiri ya Kiswahili, na maelezo ya kitamaduni. Programu ya ELAN, itolewayo bure, huunganisha kila tabaka na sekunde yake katika sauti.

Sauti ya njia mbili iliyonaswa kwa hezi 48,000 na biti 24 huchukua takriban gigabaiti moja kwa saa. Saa mia moja, basi, ni gigabaiti 104 hivi, na kwa nakala tatu ni zaidi ya 310. Kila faili liwe na taarifa zake za utambulisho. Vipengele 15 vya Dublin Core vyatosha kuanzia, vikiongezewa ngazi ya idhini.

4.0 Kazi, Muda na Watu

Kosa la kawaida katika makisio ni kutenga fedha nyingi kwa mashine na chache kwa unukuzi. Kunasa saa moja ya masimulizi huchukua saa moja. Kuinukuu na kuitafsiri huchukua siku kadhaa. Wanukuzi wawe wazawa wa lugha, walipwe, na majina yao yaandikwe kwenye kazi pale wanaporidhia.

Hapana budi pia kuanza kwa jaribio dogo. Rekodi tano zipitishwe hatua zote, kutoka kwenye kinasa sauti hadi kwa msikilizaji, kabla ya kukusanya ya sita. Jaribio hilo litafichua mengi: upepo wa ziwani unaofunika sauti, vumbi, joto, umeme wa jua usiotosha, majina ya mafaili yanayogongana. Nakala ya pili ifikishwe Lodwar mara kwa mara, na ya tatu nje ya kaunti. Tafsiri ya Kiswahili itawafaa wasomaji wengi, wakiwamo wa Kakuma, ambako kambi iliyoanzishwa mwaka 1992 imewakutanisha watu wa lugha nyingi.

5.0 Makao ya Kudumu

Historia ya Kiswahili inatoa mafunzo mawili. Mkusanyiko wa matini za Kiswahili wa Helsinki umedumu kwa kuwa ulikabidhiwa Benki ya Lugha ya Ufini, asasi ambayo kutunza ndiyo kazi yake. Mradi wa kamusi ya intaneti ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994 ulitoka baadaye chuoni humo, ukalazimika kutafuta makao mengine. Tofauti haikuwa katika ubora wa data, bali katika mlezi.

6.0 Hitimisho

Mradi wa Kataboi hautapimwa kwa wingi wa saa zilizonaswa. Utapimwa siku ambapo mjukuu wa mtunzi, miaka ishirini baadaye, atauliza wimbo wa babu yake uko wapi, naye akaelekezwa, akausikia.