Ngamia na Uyoga wa Kichuguu

Haya sogeeni, wanangu, nina swali. Ngamia wa jangwani na uyoga wa porini wana udugu?

Mnacheka! Basi jueni kwamba uyoga si mmea. Hauwezi kujipikia chakula kwa mwanga wa jua kama mchicha; lazima ule, kama sisi. Tena mwilini una kitu kilekile kigumu kilichomo kwenye ganda la kambamiti wa pale sokoni Bagamoyo. Wataalamu wakichora ukoo wa viumbe, uyoga humkaribia ngamia kuliko unavyoukaribia mchicha.

Lakini tabia, mbali kabisa. Ngamia mwenye kiu huamka na mwili wa nyuzi joto 34 hivi. Jua likipanda, naye huuachia upande hadi karibu 40, ili asipoteze maji kwa jasho. Mmoja wenu akifika hapo tunakimbilia hospitali! Usiku wa jangwani ni baridi, joto lile hutoka lenyewe. Na nundu ni mafuta, msidanganywe kuwa ni tangi la maji.

Uyoga wa kichuguu hauna uvumilivu huo. Unataka nyuzi 30 hivi, mchana na usiku, kiangazi na masika. Ukajipatia wajenzi: mchwa. Hao hutafuna miti mikavu, lakini tumbo lao peke yake haliiwezi. Hurudi nayo kichuguuni, wakaitoa kama kinyesi na kuifinyanga vitalu vyenye matundu. Uyoga huota humo, ukailainisha, ndipo mchwa wakala. Kuta nene na njia za hewa hulinda joto lisiyumbe. Vitabu huwaita mchwa wakulima. Mimi naona uyoga ndio tajiri, wao vibarua.

Mvua zikinyesha, uyoga huchomoza juu ya kichuguu. Huo ni tunda tu. Mwili wenyewe uko chini. (Msichume bila mtu mzima anayeujua, wenye sumu upo.) Kumbikumbi, yaani mchwa wenye mabawa, wanaokwenda kuanzisha kichuguu kipya, wengi wao huondoka mikono mitupu, bila uyoga. Watoto wao wa kwanza hutoka nje kuokota vumbi laini lililodondoka kwenye uyoga, ndiyo mbegu yake. Wasipolipata, kichuguu hakisimami.