Reale ya Maria Theresa na Alama za Muhuri Wake (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza habari za senti kubwa za shaba zilizoanza kupigwa Philadelphia mwaka 1793, jinsi mafundi wa zama zile walivyozigonga herufi moja moja kwa nyundo juu ya muhuri wa chuma, hata ikawa ni nadra kupata mihuri miwili iliyolingana sawasawa. Na tukamtaja yule fundi aliyeandika AMERI. kwa mkato, na Bwana William Sheldon, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1949 aliipa kila jozi ya mihuri nambari yake. Msomaji wa Buna aweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, elimu hiyo yamfaa nini yeye ambaye hajapata kuiona senti ya Philadelphia wala hatazamii kuiona. Jibu letu ni kwamba huenda katika sanduku la bibi yake, au katika mkufu aliokuja nao kutoka upande wa Moyale, imo sarafu ambayo haisomeki kwa njia nyingine ila kwa elimu hiyohiyo.

Sarafu hiyo ni reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki tarehe 29 Novemba 1780. Kaida ya fedha ni kwamba mfalme akifa sura yake huondolewa, walakini reale hii ilikwisha kupendwa mno na wafanyabiashara wa nchi za Mashariki, nao hawakukubali kupokea nyingine badala yake. Basi watu wa Austria wakaendelea kuipiga kwa sura ileile na mwaka uleule wa 1780, na hadi leo Vienna huipiga hivyo. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa juu yake hauna ushahidi wowote. Hata herufi S.F. zilizo chini ya kifua cha malkia, ambazo asili yake ni majina ya Schöbl na Faby, wakuu wa nyumba ya fedha ya Günzburg, zilinakiliwa na kila aliyekuja baadaye, ilhali Günzburg yenyewe iliacha kupiga fedha tangu mwaka 1805.

Waliokuja baadaye walikuwa wengi. Mwaka 1935 Mussolini, akijiandaa kuivamia Uhabeshi ambako reale hii ndiyo iliyokuwa fedha ya soko, aliipata haki ya kuipiga Roma; Paris nayo ikaanza mwaka uleule, London mwaka 1936, Brussels mwaka 1937, kisha vita vilipozidi Waingereza wakapiga zaidi ya milioni 18 huko Bombay katika miaka ya 1940 na 1941. Wazee wa Buna hawahitaji kukumbushwa mwaka 1940, kwani ndio mwaka ambao Waitaliano, baada ya kuitwaa Moyale mwezi wa Julai, walishuka hadi visima vya Buna. Maadui wawili hao, Waingereza na Waitaliano, walipokuwa wakipigana kwa mizinga, kila mmoja alikuwa na nyumba yake ya fedha iliyokwisha kupiga sura ya bibi yuleyule wa Austria, ambaye nchi yake yenyewe ilikuwa imekwisha kumezwa na Ujerumani mwaka 1938. Sijui kama historia ya fedha ina mzaha mkubwa kuliko huo.

Sasa, zitatofautishwaje? Kila nyumba ilichonga mihuri yake kwa kuiga, na mwigaji, hata awe hodari namna gani, hawezi kuuficha mkono wake katika mambo madogo. Atazamaye na aanze na taji la malkia, azihesabu lulu zake. Kisha ashuke begani, kwenye bizimu lifungalo vazi, atazame umbo lake na hesabu ya lulu zinazolizunguka, kama ni tisa au pungufu, na kama zimeachana au zimegandana. Aigeuze sarafu, atazame mkia wa tai mwenye vichwa viwili, manyoya yake ni mangapi na yamepangwaje, na kama upo unyoya wa katikati. Aangalie na nukta zilizo karibu na mwaka na ile alama ya X inayoufuata. Mwisho aizungushe mbele ya mwanga, asome ukingoni maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma, na ayachunguze maua na mapambo yaliyo baina ya maneno hayo, kwani wengi huusahau ukingo, nao aghalabu ndio usemao kweli. Alama moja peke yake haitoshi kuhukumu, maana nyumba mbili zaweza kuafikiana katika bizimu na zikahitilafiana katika mkia. Ni sharti alama zote zikusanywe pamoja, kama kadhi akusanyavyo mashahidi.

Wageni wengi waliwacheka wachuuzi wa Uhabeshi na Uarabuni kwa kuzihesabu lulu hizo kabla ya kuipokea reale, wakadhani ni ushirikina. Mimi naona walikosea. Mchuuzi asiyejua Kilatini, aliyekwisha kudanganywa kwa fedha ghushi, alijichagulia mahali ambapo mwigaji huteleza, akapatazama hapo. Na Walter Hafner, aliyezipanga aina za reale hii kitabuni miaka mingi baadaye, hakuwa na njia nyingine iliyo tofauti na hiyo, ila kwamba yeye alikuwa na kioo cha kukuzia na wasaa.

Yapo mambo mawili yanayowachanganya wanaoanza. La kwanza ni mstari. Muhuri ukipasuka, fedha huingia katika ufa wakati wa kupigwa, na juu ya sarafu hutokea mstari ulioinuka. Huo ni alama ya muhuri, na wenye elimu huufurahia, kwa kuwa waonyesha sarafu ilipigwa mapema au muhuri ulipokwisha kuchoka. Mstari uliozama ni mkwaruzo tu wa kisu au wa jiwe. La pili ni sarafu ya kumiminwa, ambayo si aina ya muhuri bali ni ghushi tupu: uso wake hufifia, ukingo wake huwa na alama ya maungio, na mizani huikataa. Reale sahihi ina uzito wa takriban gramu 28, ndiyo maana watu wa pwani waliufanya uzito wake kuwa wakia moja, na wakia 16 ratli. Na katika kila sehemu 1000 za uzito huo, fedha safi ni 833.

Kwa reale za mikufu pana tahadhari zaidi. Sonara hupenda kuunga kishikizo juu ya kichwa cha malkia, na risasi ya kuungia ikafunika herufi. Tena wengine huisugua kwa mchanga hata lulu zikalainika zisihesabike. Sarafu ya namna hiyo isomwe kwanza upande wa tai, kisha ukingoni, na mwenyewe asikubali isuguliwe tena wala iyeyushwe kabla haijasomwa, kwa sababu fundi wa bangili huinunua kwa uzito wake tu, iwe ni ya Günzburg au ya Bombay.

Juma lijalo, tukijaaliwa, tutaitazama reale ambayo Menelik aliagiza ipigwe Paris kuanzia mwaka 1894, yenye sura yake mwenyewe na simba, na sababu zilizowafanya raia wake waendelee kumtaka bibi wa Austria hadi fedha mpya ya Uhabeshi ilipotolewa mwaka 1945.

(Itaendelea)